Majivu Niliyorudi Nayo

Songea, Jumamosi jioni, mwezi wa sita

Baridi ya leo imeingia mpaka kwenye mifupa. Asubuhi Matogoro haukuonekana kabisa, ukungu ulikuwa umeufunika mlima mpaka miguuni, na hata sasa jua linapozama upepo unapita kwenye ufa wa dirisha langu kana kwamba nao umepanga chumba hiki. Naandika nikiwa nimejifunika blanketi, kabla mwanga haujaisha.

Lakini si baridi inayonitetemesha. Ni jambo la kuwahamisha punda.

Nimelizungusha kichwani wiki nzima. Usingizi wangu umekuwa wa vipande vipande. Nikila ugali nasahau mboga. Juzi nilimmwagia mteja maji miguuni badala ya kwenye ndoo, akaniuliza kama nimeanza kunywa ulanzi asubuhi. Bwana Shaibu anataka jibu Jumatatu, na mpaka leo asubuhi jibu langu lilikuwa ndiyo.

Niandike yote kwa utaratibu, maana mimi niliishia darasa la tano, na mambo nayaona vizuri zaidi nikiyaweka kwenye mstari.

Nilikuja Songea kuwa kuli. Nilibeba magunia ya mahindi kwenye ghala, wakati mahindi yote ya mkoa huu yalikuwa na mnunuzi mmoja. Kisha wakaja wanunuzi binafsi, kila mtu na lori lake na vibarua wake, ghala letu likafungwa, na sisi tukaambiwa tumepunguzwa. Neno hilo lilinichekesha kidogo, kwa sababu mgongo wangu ulikuwa umeshaanza kupungua kabla yangu. Mpaka leo nikiinama kufunga kiatu, kuinuka ni kazi nyingine.

Ndipo nikatuma habari nyumbani Mpwapwa, nikaletewa punda wetu wawili. Walipanda lori mpaka Makambako, wakapanda jingine mpaka hapa. Siku waliposhuka hapa mtaani Majengo watu walifunga biashara kuja kuwatazama. Huku punda si mnyama wa kila siku. Mama mmoja aliuliza kama wanauma. Mwingine akauliza kama wanaliwa.

Mkubwa ni Tabu, rangi ya majivu, sikio lake la kushoto limekatwa alama ya ukoo wetu. Mdogo ni Subira. Subira ana mimba.

Wanabeba maji, matofali, mahindi ya kwenda mashineni na unga wa kurudi. Wanabeba kile ambacho mgongo wangu hauwezi tena. Sina kitu kingine hapa duniani. Wakifa hawa, narudi kuwa mgongo wa mtu, na mgongo wenyewe haupo.

Wanalala nyuma ya nyumba ya Mzee Ngonyani, kwenye ua wake wa matofali, nami nimepanga chumba cha pembeni. Malipo ya ua ni maji: kila asubuhi pipa la Mama Ngonyani linatakiwa lijae kabla hajawasha moto. Tumeishi hivyo kwa amani.

Siku ya kwanza nilipobisha hodi, Mzee aliniuliza mimi ni mtu wa wapi. Nikamwambia mimi Mgogo. Akasimama, akapiga makofi.

"Mtani wangu! Babu zangu walipita kwenu wakachukua ng'ombe. Wewe umeona uwaletee punda mpaka mlangoni, umetupunguzia safari."

Kama Wangoni na Wagogo ni watani tangu kale, au Mzee aliutunga utani huo palepale mlangoni, mimi sijui. Najua kwamba tangu siku hiyo hajawahi kuuacha. Kila asubuhi ni vilevile.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mgogo. Ngoma yangu imeamkaje?"

Ngoma yake ni Tabu. Ngozi ya Tabu ameshaigawa kabla mwenyewe hajafa: itakuwa ngoma ya kwaya ya parokia, kwa sababu ile ya sasa, anasema, inalia kama sufuria. Wageni wakija anawaonyesha: "Hii ni ngoma, bado inatembea." Nami humjibu kwamba ngozi yake yeye mwenyewe imekakamaa vizuri zaidi, haihitaji hata kuanikwa. Tunacheka. Mkewe anatikisa kichwa.

Basi kwa nini nihame?

Kwa sababu Majengo si ile niliyoikuta. Upande wa kulia wa ua palikuwa na migomba. Sasa pana gesti yenye baa mbele, na redio kubwa inayoanza mchana. Mwenye gesti anasema Tabu akilia alfajiri wageni wake wanaruka kitandani. Bwana afya ameshapita, akaangalia samadi, akaandika, akaondoka bila kusema neno. Mimi mtu akiandika bila kusema neno naanza kuhesabu faini.

Na kuna nailoni. Zamani ukinunua nyanya sokoni ulibeba kapu lako. Sasa kila kitu kinafungwa kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko ukishatumika unapeperuka mpaka kwenye ua wetu. Punda anaona kitu kinachonukia chumvi na dagaa, anatafuna. Mwezi uliopita Subira alivimba tumbo mpaka akawa kama ameshika mimba ya pili juu ya ile ya kwanza. Nilimzungusha uani kutwa nzima nikimkanda. Alipopona, kwenye kinyesi chake nilikuta nyuzi za bluu.

Tangu siku hiyo naogopa kila upepo unapovuma. Na mwezi huu unavuma kila siku.

Halafu Jumapili iliyopita ndiyo likatokea la kitenge.

Mama Ngonyani alianika kitenge cha kwaya, kile kipya chenye msalaba, alichokishona kwa ajili ya sherehe ya parokia. Sijui Subira alikipenda nini. Nilipofika alikuwa ameshakila kona nzima pamoja na mkono mmoja wa msalaba. Mama akatoka, akaangalia, akakitoa kwenye kamba, akaingia ndani.

Hakusema kitu. Mpaka leo asubuhi alikuwa hajasema kitu.

Angenitukana ningelala. Mama yule akiudhika huwa anasikika mpaka sokoni. Kukaa kimya wiki nzima, nikajua maana yake: ananisubiri niondoke mwenyewe, ili asiwe amemfukuza mtu wa mbali.

Jumanne yake tu, ndipo Bwana Shaibu akanisimamisha. Huyu ni mfanyabiashara wa mahindi aliyekuja kutoka Tanga, mtu mpole, msema taratibu. Amekodi ghala moja la zamani kwenye njia ya Mpitimbi, lina ukuta na mabati, na nyuma yake kuna kijito.

"Lete punda wako kule," alisema. "Watalala chini ya mabati, majani yamejaa yanaoza bure. Wewe unanisombea mahindi kutoka vitongoji ambavyo lori haliingii. Kazi ya msimu mzima, inshallah. Jumatatu nipe jibu."

Nilimshukuru mara tatu. Niliona kama mtu amefungua dirisha.

Jumatano nikamweleza Mzee Ngonyani. Nilikuwa nimepanga maneno ya heshima, kwamba sijasahau wema wao, kwamba nilipougua malaria Mama ndiye aliyenipikia uji. Sikufika hata nusu.

"Kule?" Mzee akacheka. "Kule kuna mbung'o, Mgogo. Utapeleka punda wawili, utarudi na ngoma mbili. Afadhali, kwaya itapata na ya akiba."

Nami nikacheka. Nikamjibu kwamba mbung'o wa kule wakionja damu ya Mngoni hawatataka tena kitu kingine, itawalevya. Akacheka mpaka akakohoa. Tukaachana hapo.

Nilirudi chumbani sijui kama nimeruhusiwa au nimekatazwa. Na la mbung'o sikulifikiria tena. Ndivyo tulivyozoeana, yeye akitaja kifo mimi nacheka. Ningeanza kuchuja maneno ya mtani, lipi la kweli lipi si la kweli, tungeongea nini?

Leo ndiyo nikaamua kwenda kupaona.

Baba yangu alikuwa na desturi yake. Akihamisha punda kwenda zizi jipya, alitangulia yeye na majivu ya nyumba ya zamani, akayamwaga pale watakapolala. Punda anapenda kugaagaa kwenye majivu, na akikuta harufu ya moto anaoujua halali amesimama akitega masikio. Punda hawa walipokuja Songea mtu wa lori alinikabidhi na kopo la majivu ya jiko la mama yangu, limefungwa kitambaa. Niliyamwaga kwenye ua huu. Usiku huohuo walilala.

Kwa hiyo asubuhi nilichukua kopo lile la zamani, nikaenda jikoni, nikazoa majivu. Nilitaka kuyapata mapema, kabla Mama hajaamka. Lakini alikuwa ameshaamka. Alikuwa amekaa kando ya mafiga, gizani, anachochea kuni, na mimi nimeinama mbele yake na kopo kama mwizi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Akaliangalia kopo. Siku zile alikuwepo nilipoyamwaga yale ya kwanza, nilimweleza mwenyewe ni ya nini. Hakuuliza. Akasogeza mguu wake ili nipate kuzoa vizuri.

Hilo la kusogeza mguu liliniumiza kuliko kama angenipiga kwa ukuni.

Niliondoka peke yangu, punda nikawaacha wamefungwa. Njia ya Mpitimbi ina vumbi jekundu msimu huu, na ukiziacha nyumba za mwisho miti inaanza kukaribiana. Jua lilitoka, ukungu ukaisha, mgongo ukalegea kidogo. Nilitembea nikijiambia maneno mazuri. Hakuna redio. Hakuna nailoni. Subira atazaa kwenye majani.

Na kweli ni pazuri. Niandike haki yake. Ghala ni kavu, mabati hayavuji mwanga. Ukuta umesimama wote. Kijito kina maji safi hata sasa. Majani yalinifika kiunoni, mengine bado mabichi kwa chini. Kwetu Mpwapwa mtu angeona majani yale angelia. Kwetu punda anakula miiba na kushukuru.

Nikasimama katikati ya majani nikiwaona Tabu na Subira hapo, wamenenepa.

Halafu nikajiuliza: mbona hakuna anayeyala?

Kulikuwa na mama mmoja ng'ambo ya kijito anang'oa maharage. Nikamsalimia, akaitikia vizuri. Mbuzi wake wawili walikuwa wamefungwa karibu, na nyumbani kwake niliona nguruwe. Nikamuuliza kama kuna wenye ng'ombe jirani.

"Ng'ombe wa nini, kaka? Sisi tunalima."

"Lakini majani haya yote?"

"Majani ni majani tu. Tunayachoma."

Akaendelea na maharage yake. Nikajiambia, basi, hawa ni wakulima, hawana desturi ya ng'ombe, ndivyo ilivyo. Na mbuzi si hao wapo? Roho ikatulia nusu. Nusu nyingine ikabaki imesimama, kama punda kwenye zizi geni.

Nilichukua kopo, nikatafuta mahali pa kumwagia majivu chini ya mabati. Nilikuwa nimeshafungua kitambaa. Ndipo nikachomwa mgongoni, juu ya shati, kitu kama sindano ya moto. Nikapiga kofi. Akaruka. Mwingine akatua kwenye ukingo wa kopo, akatulia.

Nikamtazama kwa karibu. Nzi wengine wakitua mabawa yanabaki yametanuka. Huyu aliyalaza moja juu ya jingine, sawasawa kabisa, kama mkasi uliofungwa.

Mbung'o sijawahi kumwona kwa macho. Kwetu ni pakavu, pako wazi. Nilimsikia kwa wachungaji tu nikiwa mtoto, na walivyosimulia ndivyo hivyo, mkasi uliofungwa. Lakini masimulizi ya utotoni, mtu anayakumbuka anavyotaka. Nilimfunika kwa kofia. Nilimwaga njiti za kiberiti mfukoni, nikamsukumia nzi ndani ya boksi, nikafunga.

Kisha nikakaa chini na kopo katikati ya miguu.

Niseme ukweli, kwa kuwa humu hakuna wa kunicheka. Nilitaka kumtupa kwenye kijito. Nzi mmoja tu, nani angejua? Nilishapachoka Majengo, nilishauchoka ukimya wa Mama. Nilishajiona nalala mahali ambapo hakuna anayelalamika juu yangu. Nilijiambia kwamba labda ni nzi wa kawaida wa porini. Nilijiambia kwamba wakiumwa dawa ipo, nikakumbuka bwana mifugo alivyoniambia siku hizi dawa ni ya kuagiza mjini na haipatikani kila wakati. Nilijiambia nitafanya moshi. Kila jambo nililojiambia lilikuwa na jibu, na majibu yote niliyatunga mimi mwenyewe.

Bwana Shaibu akafika na pikipiki yake akiwa na furaha.

"Umeona? Sikukudanganya!"

"Hukunidanganya, Bwana. Ila hawa nzi wa hapa..."

"Ah, ndugu yangu, nzi! Pale sokoni Majengo huwaoni? Wallahi wale wanakula samaki kabla yetu." Akanipiga bega kwa upole. "Jumatatu uwalete. Jumanne tuanze kazi."

Nikacheka naye. Kiberiti kilikuwa mfukoni kinakwaruza. Sikukitoa. Sijui kwa nini sikukitoa. Nafikiri niliogopa kazi isije ikaondoka palepale, na mimi bado sina hakika na nzi.

Nikafunga tena kitambaa juu ya kopo, nikarudi mjini. Safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Kila hatua mkono ulikuwa mfukoni.

Mzee Ngonyani alikuwa barazani akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mgogo. Umeshahama, sasa umerudi kuomba chumvi?"

Sikumjibu utani wake. Nilifungua kiberiti kidogo tu, nikamsogezea machoni.

Aliangalia. Akaweka gunzi chini. Akakichukua kiberiti, akakigeuza kwenye mwanga, akaangalia tena, akakifunga kwa kidole gumba, polepole. Nilisubiri aseme jambo la ngoma. Nilitaka sana aseme jambo la ngoma.

"Umemtoa wapi?"

"Kwenye ghala la Bwana Shaibu."

"Punda walikuwepo?"

"Nilikwenda peke yangu."

Akavuta pumzi.

"Kaa chini, Yona."

Miaka yote hii sijamsikia akinitaja kwa jina langu. Nilidhani hata halijui. Nilikaa. Jibu nilikuwa nimeshalipata. Aliyoyasema baadaye yalikuwa maelezo tu.

Alinieleza habari za baba yake. Baba yake alikwenda kukata mkonge Tanga, akakaa huko mpaka watu wa nyumbani wakaanza kumsahau. Aliporudi alinunua ng'ombe, wa kwanza katika ukoo wao, akaona huku kwenye nyumba hakuna malisho, akawapeleka upande uleule kwenye majani. Wakanenepa kwanza. Kisha manyoya yakasimama, macho yakatoa machozi, wakawa wanakula na kukonda. Mvua za mwaka huo hazijaisha, hakubaki hata mmoja. Mzee alikuwa mdogo wakati huo. Anakumbuka kwamba baba yake hakulia wala kusema kitu, alirudi Tanga kukata mkonge tena, na safari hiyo hakurudi.

Nilimfikiria mtu yule. Amefanya kazi ugenini, amekusanya jasho lote, ameligeuza mnyama, amelipeleka kwenye majani mazuri.

"Jumatano nilikuambia," Mzee akasema.

"Nilidhani ni utani, Mzee."

"Ulikuwa utani. Na ilikuwa kweli." Akanikazia macho. "Ulitaka nikuambieje? Nikupigie magoti? Mgogo mzima?"

Hapo sauti yake ilianza kurudi kuwa ile ninayoijua, nami nikaweza kupumua.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Alikuwa haniangalii mimi. Alikuwa anaangalia kopo.

"Limerudi limejaa?"

"Limejaa, Mama."

"Basi rudisha majivu yangu uani. Mtu anahama kwangu bila kuaga, na jiko langu amelibeba."

Nilimwambia kwamba nilifikiri ananisubiri niondoke. Kwamba tangu siku ya kitenge hajanisemesha, nikaona nimefukuzwa kwa heshima. Akaniangalia kama ninavyomwangalia Tabu akigoma katikati ya barabara.

"Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa natafuta tusi. Yote niliyokuwa nayo si ya Kikristo."

Mzee akacheka mpaka mahindi yakamwagika. Nami nikacheka, halafu nikaona macho yangu yana maji, nikainama kuokota punje ili wasione. Mgongo ukagoma kuinuka. Mama akanishika mkono akanivuta.

Nilikwenda uani nikamwaga majivu kwenye kona yao. Tabu hakungoja. Alijitupa chini miguu juu, akagaagaa mpaka vumbi likapanda likaingia kwenye baa ya jirani, nikasikia mtu anapiga chafya na kulaani. Subira na tumbo lake alilala ubavu mmoja tu, taratibu, kama mtu mzima.

Mzee amesema kesho baada ya misa tutakata mianzi tuzibe upande wa sokoni, nailoni zipungue kuingia. Na mwenye gesti ataongea naye Mzee mwenyewe, kwa kuwa kiwanja kile alimuuzia yeye, na wakati anamuuzia punda walikuwa wameshafika, wanalia vilevile. Sijui kama itasaidia. Bwana afya hakuuziwa kiwanja na mtu. Na mianzi haizuii upepo wote.

Kwa hiyo sihami. Limeamuliwa. Nilifikiri likishaamuliwa nitatulia.

Sijatulia.

Kazi ya msimu mzima imeondoka, na hata kama haijaondoka leo itaondoka Jumatatu asubuhi nikifungua mdomo. Bwana Shaibu hana kosa lolote. Anaona majani, anaona mabati, anaona maji, kama nilivyoona mimi. Kuna watu wa Njombe wana punda. Nisipoenda mimi atawaita wao, watakuja na furaha yao, watawafungulia wanyama wao kwenye majani yale. Haitoshi niseme tu kwamba sitaki. Itabidi nimweleze aamini.

Kiberiti kiko hapa mezani, karibu na mkono wangu. Nzi bado anakwaruza humo ndani, ingawa mara chache kuliko mchana.

Mwanga umebaki kidogo sana. Kupitia ufa wa dirisha namwona Mzee Ngonyani uani, amevaa koti lake la misa juu ya shuka, ana fimbo. Anaidunga mifuko ya nailoni mmoja mmoja kwa ncha ya fimbo, anaiweka kwenye kapu la mkewe. Hajui kama namwona. Amefika kwa Subira, ameinama, anamtoa kitu mdomoni kwa vidole vyake mwenyewe, yeye ambaye siku zote husema hawezi kumgusa mnyama wa Mgogo.

"Tema," anamwambia. "Tema, mama. Utatuharibia ngozi."

Jumatatu nitakwenda mapema kabla Bwana Shaibu hajapanda pikipiki. Nitaweka kiberiti mkononi mwake, nitamweleza habari ya ng'ombe wa baba yake Mzee.

Na akicheka, kama nilivyocheka mimi?